Duka la Magendo Halitaki Pesa Zako

Katika Mutants & Masterminds, kupaa angani kuna bei. Kila kiwango ni pointi 2, kwa hivyo shujaa anayepaa kwa kiwango cha 8 ametoa pointi 16 kati ya zile 150 ambazo kwa kawaida hupewa anayeanza. Kuna vitu kadhaa alijinyima ndio apae. Sasa msimamizi wa mchezo anafungua duka la magendo uchochoroni, na mchezaji mwingine anaingia na noti mfukoni, anatoka na mtambo wa kurukia mgongoni. Hapo meza imeharibika. Yule wa pointi 16 ataangalia karatasi yake, aangalie ya jirani, kisha anyamaze. Na heri mchezaji anayelalamika, kwa sababu huyu aliyenyamaza wiki ijayo atakuwa "bize".

Mchezo wenyewe ni wa Steve Kenson, ulitoka 2002 kwa kampuni ya Green Ronin, na toleo la tatu likaja 2011. Mnakaa mezani, mmoja anasimulia, wengine wanaigiza mashujaa wao, dadu ya pande 20 inaamua. Pesa haina uzito hapa. Hata bilionea wa aina ya Batman analipia ubilionea wake kwa pointi, kama mwenzake anavyolipia misuli. Mazoea ya duka yametoka Dungeons & Dragons, ambako dhahabu hununua upanga, na wasimamizi wengi huyabeba bila kujiuliza.

Kitabu kina dawa yake. Kifaa kinachoweza kuporwa hupata punguzo la pointi 1 kwa kila 5, hivyo mtambo wa pointi 16 unashuka hadi 13. Hesabu safi kabisa, na mimi huipenda. Shida ni kwamba pointi hazina harufu. Hazikuambii mtambo umetoka wapi, nani aliuvaa jana, na kwa nini una damu kwenye mkanda. Ukiliacha duka hivyo, hilo ni supamaketi tu iliyozimwa taa.

Sisi wa Nairobi tungefaa kuliona hili mapema. Gari lako linang'olewa kioo cha pembeni, watu wanakuelekeza duka fulani, unafika, unakikuta, na unajinunulia mali yako mwenyewe huku ukisema asante. Bidhaa ya magendo ina mwenyewe mahali fulani. Shujaa anayenunua silaha pale amemlipa aliyeiba, na pengine kesho mwenye mali atamwomba msaada wa kuitafuta. Msimamizi akikosa kuleta hilo swali mezani, alifungua duka la nini?

Bei basi itoke wapi? Mchezo tayari una jibu, ila liko kurasa nyingine kabisa. Kila shujaa huandikiwa matatizo yake: adui, siri, mpenzi asiyejua kitu. Tatizo likimuuma katikati ya hadithi, mchezaji hupewa pointi ya ushujaa. Muuzaji achukue hapo. Mtambo utumike leo usiku kwa deni, na deni liandikwe kwenye karatasi kama tatizo. Akiutaka uwe wake wa kudumu, alipe zile 13 kama watu wengine. Yule wa pointi 16 hajaibiwa, na muuzaji sasa ana namba yako.

Marvel Super Heroes ya TSR, ya 1984, ilikuwa kali zaidi: shujaa akiua mtu, Karma yake yote ilirudi sufuri. Ni ukali uliopitiliza, sikatai. Lakini angalau mle ndani kulikuwa na daftari la dhambi.

Muuzaji bora wa aina hii niliyemwona yuko kwenye filamu, Spider-Man: Homecoming ya 2017. Adrian Toomes alikuwa na kazi halali ya kuondoa vifusi New York, idara ya serikali ikamnyang'anya, naye akabaki na mabaki ya silaha za wageni wa angani na kuanza kuyauza. Mali ina chanzo, muuzaji ana kinyongo. Kisha Peter Parker anagonga mlango kumchukua msichana wa kwenda naye dansi, na anayefungua ni Toomes, baba yake. Wakiwa garini mzee anaunganisha mambo. Kijana huyu aliwahi kuokoa maisha ya binti yake, kwa hivyo anampa nafasi moja ya kuondoka akiwa hai, asirudi kumwingilia biashara. Bastola iko mkononi, na binti ameshatangulia ukumbini.