Fataki Isiyozimika

Anayetazama katuni za Kijapani pamoja na watoto, na wengi wetu huku ughaibuni tunazitazama tutake tusitake, hawezi kuukosa usiku wa fataki. Ni kiangazi, msichana amevaa yukata, mvulana ana neno anataka kulisema, na kishindo kinalimeza neno lenyewe. Tumeuzoea usiku huo kama tulivyoizoea mvua katika filamu za Kihindi.

Filamu ya Uchiage Hanabi ya mwaka 2017, ya Akiyuki Shinbo na Nobuyuki Takeuchi, imeutegemea usiku huo mwanzo hadi mwisho. Wavulana wanabishana: fataki ikitazamwa kutoka ubavuni, ni ya mviringo au ni bapa? Wanakata shauri kwenda kuitazama kwenye mnara wa taa. Swali zuri, la kitoto na la kweli. Mafundi wanalijua jibu: fataki ya Kijapani ni tufe la karatasi, vidonge vya baruti vimepangwa ndani kuizunguka baruti ya katikati, kwa hiyo ikipasuka huwa duara popote utakaposimama. Zinazoharibika ubavuni ni zile zilizopangwa bapa ili zichore moyo au uso wa mtu.

Kisa si kipya. Shunji Iwai alikitengeneza mwaka 1993 kwa ajili ya televisheni, na waigizaji watoto, kwa muda usiofika saa moja. Alikisimulia mara mbili: mvulana mmoja akishinda mashindano ya kuogelea, kisha mwenzake akishinda. Basi. Filamu ya 2017 imewakuza watoto hao, ikaurefusha usiku hadi dakika 90, ikampa Norimichi tufe la ajabu. Mambo yakimharibikia yeye na Nazuna, hulitupa, akatamani laiti ingekuwa vingine, na wakati ukarudi nyuma.

Hapo tunaona imepotea njia. Hanabi maana yake ni maua ya moto, na maua haya jirani yake ni mauti. Kiangazi ndio msimu wa Obon, roho za wazee zinapokaribishwa nyumbani kisha zikasindikizwa. Husimuliwa kwamba fataki za mto Sumida zilianza mwaka 1733 kuwaombea waliokufa kwa njaa na maradhi. Wanahistoria wanaitilia shaka habari hiyo, lakini kule kupendwa kwake kunatueleza mengi. Na huko Nagaoka, mji uliopigwa mabomu usiku wa tarehe 1 Agosti 1945 wakafa watu karibu 1,500, kila mwaka tarehe hiyo, saa nne u nusu za usiku, saa ile ile yalipoanza mabomu, hurushwa fataki nyeupe tupu ziitwazo Shiragiku, krisanthemumu nyeupe. Zikizimika, zimezimika.

Sisi tuliopokea habari za misiba kwa simu tunalijua neno laiti. Ndiyo maana tufe la Norimichi linatuudhi. Fataki inayoweza kurudiwa mpaka mtu aridhike imebaki pambo tu.

Tusiwadhulumu watengenezaji. Pale Norimichi anapoziona fataki bapa angani, akatambua kwamba dunia aliyomo si ya kweli, filamu inapata wazo lililo bora kuliko yote. Lakini inalikimbia haraka, inarudi kwenye rangi na treni inayopita juu ya maji. (Wimbo wake, wa Daoko na Kenshi Yonezu, ni habari nyingine, huo tunausikiliza mpaka leo.)

Linganisha na Anohana, tamthilia ya katuni ya mwaka 2011 iliyoandikwa na Mari Okada. Vijana wa Chichibu wanamtengenezea rafiki yao marehemu, Menma, fataki ya roketi, ya aina ambayo kweli hurushwa katika sherehe ya wilaya hiyo. Wanaamini ikipaa, naye atakwenda kwa amani. Inapaa, inapasuka, inaisha. Menma bado yupo. Baruti haikumaliza deni lao, na inawabidi wakae usiku ule wasemezane yale waliyofichana miaka yote. Machozi yanazidi kipimo, tunakiri, hata shangazi zetu wangesema basi jamani. Lakini fataki ilikuwa imeshazimika, na hakuna aliyepewa tufe. Mwenye kijana nyumbani aanze na hiyo.