Wajane Waliosahauliwa: Uhakiki wa Mageuzi ya Hifadhi ya Jamii Nchini Tanzania

1. Utangulizi

Manung'uniko yaliyozuka ndani ya Kanisa la Yerusalemu, kama Luka anavyosimulia katika Matendo 6:1-7, yalihusu mgawo wa kila siku. Wajane wa Wayahudi wenye lugha ya Kiyunani walikuwa wanasahauliwa. Mgawo ulikuwapo, chakula kilikuwapo, na wagawaji walikuwa watu wa imani; hata hivyo utaratibu wenyewe uliwaacha watu nje. Mitume hawakujibu manung'uniko hayo kwa kuwahubiria wajane uvumilivu. Waliubadilisha utaratibu.

Makala hii yakusudia kuyatazama mageuzi ya hifadhi ya jamii katika Tanzania kwa mwanga wa habari hiyo. Kwa miaka mingi nchi yetu imesema kwamba yataka watu wengi zaidi waingie katika hifadhi hiyo. Tunauliza: je, mageuzi yaliyofanyika yameupanua mlango, au yamewapanga upya wale waliokwisha kuingia? Na Kanisa lina neno gani la kusema, likiwa lenyewe ni mwajiri?

2. Mlango wa mshahara

Historia yaonyesha wazi mahali mlango ulipowekwa. Mwaka 1964 ulianzishwa mfuko wa akiba ya wafanyakazi. Mwaka 1978 ukafuata mfuko wa watumishi wa mashirika ya umma. Mwaka 1997 ikatungwa sheria iliyozaa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF, badala ya ule wa 1964. Sera ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii ilitolewa mwaka 2003, nayo ilikiri kwamba sehemu kubwa ya wananchi wako nje. Mwaka 2018 mifuko minne ya pensheni iliunganishwa kuwa mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF, huku NSSF ikibaki kwa sekta binafsi na wanaojiajiri.

Hatua hizi zilikuwa na faida. Mifuko mingi iliyogombania wanachama iliongeza gharama, na kuiunganisha kulikuwa na busara. Lakini kiini hakikubadilika. Msingi wa mfumo ni mchango unaokatwa katika mshahara: kwa NSSF, asilimia 20, nusu yake ikitoka kwa mwajiri. Kwa kawaida mwanachama hana budi kuchangia miezi 180, yaani miaka 15, ndipo apate pensheni ya uzeeni. Utaratibu huu wamfaa karani na mwalimu. Mkulima wa kahawa anayepata fedha mara moja kwa mwaka, mvuvi, mamalishe, na kijana wa bodaboda hawana mwajiri wa kuwachangia nusu ya pili. Sheria yawaruhusu kujiunga kwa hiari, lakini hiari ya mtu asiyejua kipato chake cha kesho ni hiari nyembamba sana.

Hali hiyo ilidhihirika katika mjadala wa kikokotoo. Kanuni mpya za mwaka 2018 zilipopunguza malipo ya mkupuo kwa baadhi ya wastaafu, taifa zima lilizungumza, na Rais aliagiza kanuni za zamani ziendelee kwa muda. Mwaka 2022 kiwango kikawekwa asilimia 33, na mwaka 2024 Serikali ikatangaza kukiongeza hadi asilimia 40 kwa baadhi ya watumishi. Malalamiko ya wastaafu hao yalikuwa ya haki, nasi hatuyabezi. Hata hivyo, yatupasa kukiri kwamba ulikuwa ni mjadala wa walio ndani juu ya ukubwa wa mgawo wao. Ajuza wa kijijini ambaye hakuwahi kukatwa mchango hakuwa na kikokotoo cha kulalamikia, na sauti yake haikusikika.

3. Chekeche la umaskini

Kwa wasio na mshahara, Serikali imetengeneza mlango mwingine. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulioanza mwaka 2000, uliingia awamu ya tatu kuanzia mwaka 2012 kwa mpango wa kunusuru kaya maskini, na kwa mpango huo zaidi ya kaya milioni 1 zilipokea ruzuku. Hili ni jambo kubwa, na mchungaji yeyote wa vijijini ameona watoto waliobaki shuleni kwa sababu yake.

Uhakiki wetu wahusu namna ya kuingia. Kwanza vijiji vilichaguliwa. Kisha mkutano wa kijiji unazitaja kaya zilizo maskini zaidi. Halafu dodoso linapima kaya kwa mambo kama makazi yake, watu wake na mali zake. Katika kijiji ambamo karibu kila mtu ana shida, tofauti kati ya kaya iliyochaguliwa na iliyoachwa yaweza kuwa ndogo kama debe moja la mahindi. Mjane aliyeezeka bati kwa fedha za mwanawe aliyekwisha kufariki aweza kuonekana tajiri. Na anayepita katika chekeche hilo analipia kwa aibu: amethibitishwa hadharani kuwa yeye ni fukara.

Basi kuna milango miwili. Mmoja unauliza, "Umechangia kiasi gani?" Mwingine unauliza, "Je, waweza kuthibitisha kwamba huna kitu?" Kati ya milango hiyo wamesimama wananchi wengi sana, wasio na mshahara wa kukatwa wala ufukara wa kutosha kutajwa mkutanoni.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Ibara ya 11, inazungumza kwa upana zaidi. Inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa haki ya mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi, ulemavu, na hali nyingine za kutojiweza. Haimtaji mwanachama wala mlengwa, yamtaja mtu. Lakini Ibara ya 7 inasema kwamba masharti ya sehemu hiyo hayawezi kutekelezwa kwa nguvu ya mahakama. Kwa hiyo mzee aliyeachwa nje ana haki iliyoandikwa, ila hana hakimu wa kumpelekea daftari lake.

4. Matendo 6 na 1 Timotheo 5

Msomaji aweza kutukumbusha kwamba Agano Jipya lenyewe lina chekeche. Waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 5, waagiza mjane aandikwe katika orodha akiwa hapungui miaka sitini, awe na ushuhuda wa matendo mema, na wenye jamaa watunzwe na jamaa zao ili Kanisa lisilemewe. Je, si hoja ya kuchagua na kupima?

Ni hoja nzito, wala haifai kuirukia. Lakini tuangalie mazingira yake. Waraka wanena juu ya hazina ndogo ya usharika mmoja, katika jamii isiyokuwa na kodi ya taifa kwa ajili ya wajane. Usharika wenye mkate mmoja hauna budi kuamua nani aule. Dola lenye uwezo wa kutoza kodi haliwezi kujificha nyuma ya umaskini wa usharika. Zaidi ya hayo, sharti la umri katika orodha ile si aibu kwa mjane. Miaka sitini haithibitishwi kwa kuonyesha jiko tupu.

Matendo 6 yatufundisha jambo la pili, ambalo mara nyingi hupitwa katika mahubiri. Wale saba waliochaguliwa wote wana majina ya Kiyunani, na mmoja wao, Nikolao, alikuwa mwongofu wa Antiokia. Yaani kundi lililokuwa linasahauliwa ndilo lililokabidhiwa meza. Tulinganishe na bodi za mifuko yetu, ambazo kwa desturi huundwa kwa uwakilishi wa Serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi. Utatu huo ni mzuri kwa wenye ajira. Lakini ni nani katika meza hiyo amwakilishaye mkulima na mchuuzi? Huwezi kuwatarajia walio ndani pekee wapime upana wa mlango.

5. Sanduku la Leisnig

Sisi Walutheri tuna urithi katika jambo hili ambao tumeuacha kabatini. Mwaka 1523 usharika wa Leisnig, katika Saksonia, ulitunga utaratibu wa sanduku la pamoja, na Martin Luther akauandikia dibaji. Mali za Kanisa zilikusanywa katika sanduku lenye kufuli nne, chini ya wasimamizi kumi: wawili wa ukoo bora, wawili wa baraza la mji, watatu wa wenyeji wa mji, na watatu wakulima wa vijiji vya jirani. Yatima, wazee na wasiojiweza walipaswa kutunzwa kutoka humo, na fundi aliyekwama aliweza kukopeshwa. Mapato yasipotosha, kila mmoja alipaswa kutoa mchango wa mwaka kadiri ya uwezo wake.

Tuone mambo mawili. Kwanza, kutoa kulifuata uwezo, na kupokea kulifuata uhitaji. Aliyepokea hakuulizwa alichangia kiasi gani. Pili, wakulima walishika nafasi tatu kati ya kumi. Hata hivyo tusilipambe sanduku lile. Baraza la mji lilikataa kukabidhi mali zilizohitajika, na Luther akalazimika kulalamika kwa mtawala wake. Utaratibu mzuri ulikwama kwa sababu wenye hazina hawakutaka kuiachia. Somo hilo halijachakaa.

Hapa tujihadhari na kosa la kawaida. Mafundisho ya kuhesabiwa haki kwa imani si sheria ya bajeti, na kuchanganya falme mbili hakumsaidii mzee yeyote. Kutoka msalabani hatupati kiwango cha kodi. Tunachopata ni macho. Mtu anayejua kwamba amepokea bila kustahili atasita kumdai jirani yake athibitishe kustahili kwake kabla ya kupewa chumvi na sabuni.

6. Mfano wa Zanzibar

Tusiseme kwamba njia nyingine haiwezekani, maana imejaribiwa ndani ya Jamhuri hii hii. Mwezi Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianzisha Pensheni Jamii kwa wakazi wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Kiwango cha kwanza kilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Hakuna anayeulizwa alichangia nini, wala dodoso la umaskini. Umri na ukazi ndio mlango. Kenya nayo mwaka 2018 ilifungua pensheni ya namna hiyo kwa wenye miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Tanzania Bara bado haijafuata.

Kuna pingamizi tatu. Kwanza, kwamba kiasi ni kidogo. Ni kweli, lakini kidogo chenye hakika humwezesha bibi kukopa dukani bila kudharauliwa. Pili, kwamba tajiri naye atapokea. Atapokea, na kodi yaweza kukirudisha alichopokea. Ni rahisi kumtoza tajiri mmoja kuliko kuwachekecha maskini mia. Tatu, kwamba kutoa bure kutazaa uvivu, na hapo 2 Wathesalonike 3:10 hutajwa. Lakini aya hiyo yamkemea asiyetaka kufanya kazi, wala haimhusu asiyeweza. Bibi wa Kagera aliyewazika wanawe kwa UKIMWI, akawalea wajukuu kwa jembe la mkono, hahitaji kufundishwa bidii na mtu yeyote.

Swali hilo hilo litaikabili Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Jina lake ni jema. Lakini neno "wote" litapimwa kwa namna atakavyotambuliwa yule asiye na uwezo wa kuchangia, na kwa fedha zitakazomlipia.

7. Deni la Kanisa

Itakuwa unafiki kumaliza hapa. Mwandishi aliwahi kuhudumu katika usharika mmoja ambao mwinjilisti wake alikuwa amefundisha kipaimara kwa zaidi ya miaka thelathini. Alipochoka, baraza la wazee lilimwandalia ibada ya shukrani, likampa blanketi, redio na mbuzi. Baada ya miezi michache alikuja ofisini, akasema kwa upole, "Baba Mchungaji, jina langu limo katika vitabu vyote vya usharika. Nimeambiwa kwamba mjini kuna kitabu kingine, nako halimo." Nilichunguza. Hakuna mchango hata mmoja uliowahi kupelekwa kwa ajili yake. Posho yake iliitwa sadaka, naye akaitwa mtumishi wa kujitolea. Kwa majina hayo mawili tulimfungia mlango. Nilikuwa mwenyekiti wa baraza lile kwa miaka sita, wala sikuwahi kuuliza.

Simulizi hilo si la usharika mmoja. Wahudumu wa ofisi, walinzi, walimu wa chekechea, na wainjilisti wetu wangapi wamo katika daftari la wajane waliosahauliwa? Kanisa lisilowaandikisha watumishi wake halina kinywa cha kuikosoa Serikali.

8. Hitimisho

Tunapendekeza mambo matatu. Kila usharika na ufanye hesabu ya watumishi wake na kuwaandikisha, hata kama bajeti ya jengo itasubiri. Kanisa, pamoja na Wakristo na Waislamu wenzetu, lidai pensheni ya wazee wote Tanzania Bara, kwa umri na si kwa chekeche. Na katika bodi zinazoamua habari za hifadhi wapatiwe nafasi wasio na mshahara.

Luka anamaliza habari ya wale saba kwa kusema kwamba neno la Mungu likaenea na hesabu ya wanafunzi ikaongezeka. Aliona uhusiano kati ya meza iliyonyoshwa na Injili iliyosikika. Yule mwinjilisti bado yu hai, na bado huketi kiti cha mbele kila Jumapili. Sisi tunaopanda mimbarini tunamwona.