Kitanda Kisicholalika: Istilahi za Boila za Makaa ya Mawe

Tumeletewa rasimu ya tafsiri, iliyokusudiwa walimu wa Karatu na Ngorongoro, ielezayo jinsi ya kudhibiti salfa itokayo katika boila zichomazo makaa ya mawe. Lugha yake ni fasaha, na tunaafiki uamuzi wa mfasiri kutumia "salfa" badala ya "kiberiti", jina la kale ambalo leo humpeleka msomaji kwenye njiti. Hata hivyo, istilahi tatu zinapotosha maana, na hatuna budi kuzijadili.

Ya kwanza ni "makaa". Makaa ya mawe ya nchi hii yako kusini, huko Kiwira, Ngaka na Mchuchuma. Kwa mwanafunzi wa Karatu, makaa ni yale ya miti, nayo yana salfa kidogo mno. Akisoma kwamba "makaa" hutoa dioksidi ya salfa kwa wingi, atalishuku jiko la mama yake kwa kosa lisilo lake. Iandikwe "makaa ya mawe" kila mara.

Ya pili ni "kitanda cha majimaji". Kitanda ni kitu kilichotulia, na humu hamna majimaji. Kinachoelezwa ni punje za mchanga, majivu, makaa ya mawe na mawe ya chokaa yaliyopondwa, zinazopulizwa hewa kutoka chini hadi zikanyanyuka na kujipindua kama uji jikoni. Katika joto la nyuzi 800 hadi 900 za Selsiasi, mawe ya chokaa hupoteza dioksidi ya kaboni, ikabaki chokaa. Chokaa hiyo, kwa msaada wa oksijeni, huinasa dioksidi ya salfa na kuwa salfeti ya kalsiamu, ndugu wa jasi ichimbwayo Makanya, ambayo hutolewa pamoja na majivu. Salfa, basi, hunaswa humo humo motoni kabla moshi haujafika kwenye bomba. Neno lisiloonyesha mwendo wa punje huificha kazi yote hiyo.

Mtu aweza kupendekeza "tabaka lichemkalo", lakini katika boila kinachochemka ni maji. Sisi tunapendekeza "tabaka lielealo". Mkulima wa Karatu apepetaye ngano anajua kwamba hewa huweza kubeba kitu kikavu.

Ya tatu ni "kuzuia". Njia hii, ikiendeshwa vizuri, huweza kunasa asilimia 90 ya salfa au zaidi, lakini hainasi yote. Ofisa asomaye "kuzuia" aweza kuidhinisha mtambo akiamini kwamba hakuna kitokacho, asiagize vipimo. Nao wakaao upande upepo uendako ndio watakaovuta kilichobaki. "Kudhibiti" ni kauli iliyo karibu zaidi na ukweli.

Istilahi hupimwa kwa picha inayomjengea msomaji asiyewahi kukiona kitu chenyewe. Mwalimu wa Karatu au Ngorongoro hana boila ya kuwaonyesha wanafunzi wake. Ana neno tu. Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali walijaribu "tabaka lielealo" katika kazi zao, na wenye neno lifaalo zaidi watuletee.