Kasiksi ya kila juma: bia isiyo na etiketi, yenye kuaminika

Wenzangu, kusifu bia kwa kikombe kimoja ni rahisi. Jua likiwaka na kiu ikikushika, kila bia iko tamu. Bia ya kila siku inataka kipimo kingine: juma la kumi, ukirudi, utaikuta ile ile? Kwa kipimo hicho nataka kuongea juu ya kasiksi ya mama mmoja wa upande wa Kadutu, hapa kwetu Bukavu. Hana kibao mlangoni. Ana bidoni za njano, vikombe vya plastiki na benchi mbili, basi.

Rangi yake ni kahawia inayoelekea wekundu, nzito, haipitishi mwanga. Povu linapanda haraka na kufa haraka. Inanuka ndizi iliyoiva sana, na nyuma yake mkate uliokaribia kuungua. Mdomoni uchachu unatangulia, utamu unafuata, halafu uchungu mkavu unashika ulimi. Huo uchungu njo unanirudisha pale.

Ndugu wanaotoka ngambo wanatusifia IPA, bia yenye uchungu wa maua ya hubloni. Sawa, kila mtu na kwao. Lakini hubloni inataka siku ndefu za kiangazi cha nchi za baridi ili ikue kabla ya kutoa maua. Sisi, karibu na ikweta, tuna mwanga wa saa 12 hivi mwaka mzima. Kwetu uchungu unatoka kwenye mtama uliokaangwa na kusagwa. Ukikaangwa kidogo, bia inabaki kama juisi. Ukiunguzwa, unakunywa makaa.

Na hiyo ni hatua moja tu. Ndizi zinaivishwa shimoni siku kadhaa, zinamenywa, zinakamuliwa pamoja na majani, zinaongezwa maji, kisha mtama, halafu zinaachwa zichache siku mbili tatu. Hakuna termometa wala laboratuari. Kila hatua inaweza kuharibu zilizotangulia. Wauzaji wengine wanakimbilia njia fupi: maji mengi, kisha sukari ya dukani kuficha maji. Mama huyu anaonja kwanza utamu wa ndizi, njo anaamua kiasi cha maji. Ndizi zikiwa dhaifu, anapika kidogo, na akiishiwa saa tisa, anafunga. Mimi niliyesomea agronomia naita hiyo ufundi kamili.

Mapungufu yapo. Mabaki ya mtama yanabaki chini ya kikombe, meza ya mwisho kwa uangalifu. Bia haihifadhiki: ukiipeleka nyumbani, siku chache tu inakuwa siki. Mwenye kupenda bia baridi na nyepesi hataipenda.

Lakini hatari kubwa haiko kwenye bidoni, iko shambani. Mnyauko wa bakteria wa migomba uliripotiwa Masisi mwaka 2001, na sasa unajulikana Kivu yote. Unaozesha ndizi kutoka ndani, zinaiva kabla ya wakati, na hazitoi maji ya kupika. Wadudu wanaubeba kwenye ua dume la mgomba, na sisi tunaubeba kwa panga, kutoka mgomba mgonjwa kwenda mzima. Aina moja ya ndizi za pombe, Pisang Awak, inashikwa kwa urahisi sana. Mama wa Kadutu anaweza kuwa fundi namna gani, ndizi zikikosa hakuna kasiksi.

Kwa hiyo bilan yangu: ni bia nzuri, na uzuri wake ni kufanana na yenyewe kila juma. Usimwombe mama apunguze bei, maana punguzo litalipwa kwa maji. Na ninyi wenye mashamba Kabare au Idjwi, mkipanda likizo hii, onyesheni wazee kukata ua dume kwa kijiti chenye panda, bila kisu, mara tu chane ya mwisho inapotokea, na kupitisha panga motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Diplome zetu zifike huko pia.