Mzee Si Mzigo wa Kutuliwa
Maoni juu ya senema ya Kijapani "Plan 75"

Ndugu msomaji, waliokuwa watu wazima katika miaka ya 1970 watakumbuka jinsi walimwengu walivyotishwa na habari za wingi wa watu. Mwaka 1968 mtaalamu wa Kimarekani, Paul Ehrlich, alitoa kitabu chake "The Population Bomb", akabashiri kwamba mamia ya milioni ya watu watakufa njaa katika muda mfupi kwa kuwa vinywa vimezidi chakula. Ubashiri ule haukutimia kama alivyousema. Njaa zimetokea na zimeua, lakini mavuno yaliongezeka kuliko alivyodhani, na karibu kila nchi wanawake wakaanza kuzaa watoto wachache kuliko walivyozaa mama zao. Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba idadi ya watu duniani itafika kilele cha bilioni 10.3 hivi katika miaka ya 2080, kisha itaanza kushuka. Na zipo nchi ambazo hazikungoja wakati huo. Zimekwisha kuanza kupungua.

Basi swali limegeuka. Jana tuliulizwa: tukizidi, tutakula nini? Leo tunaulizwa: tukipungua, tutaishi vipi? Wachumi hujibu kwa hesabu za kodi, pensheni na viwanda. Bibi mmoja wa Kijapani, Chie Hayakawa, amejibu kwa senema, na mimi naona jibu lake lafaa kuzungumzwa katika nyumba zetu, ingawa nchi anayoisema iko mbali.

Tuanze na nchi yenyewe. Idadi ya watu wa Japani ilifika kilele chake karibu mwaka 2008, ilipokuwa milioni 128 hivi, na tangu hapo inashuka. Mwaka 2024 walizaliwa huko watoto wa Kijapani wapatao 686,000, na wakafa watu zaidi ya milioni 1.6, yaani kwa kila mtoto mmoja aliyezaliwa, walizikwa watu wawili na zaidi. Karibu watu watatu katika kila kumi wana umri wa miaka 65 au kupita. Hesabu ya nyumba ya mwaka 2023 ilikuta nyumba milioni 9 hazina wakaaji. Na polisi wa nchi hiyo waliandika kwamba mwaka 2024 watu zaidi ya 76,000 walikufa peke yao majumbani mwao, wengi wao wazee. Zingatia, msomaji: hii ni nchi tajiri, isiyo na vita wala njaa.

Senema ya "Plan 75" ilitoka mwaka 2022, na katika tamasha la Cannes, Ufaransa, ikatajwa kwa heshima miongoni mwa kazi za kwanza za watengenezaji wapya. Inatupeleka katika Japani ya kubuni, ambako vijana wamechoshwa na gharama za kuwatunza wazee, na chuki imefika hadi ya kuwaua. Bunge linapitisha sheria: kila aliyetimiza miaka 75 anaweza kuomba serikali imsaidie kufa. Halazimishwi. Akiandika jina lake hupewa yeni 100,000, fedha isiyofika dola 800 kwa thamani ya mwaka ule, azitumie apendavyo kabla ya siku yake.

Ni haki kusema wazi kwamba sheria hiyo haiko. Japani ya kweli ina bima ya kutunza wazee tangu mwaka 2000, na kila Septemba huadhimisha siku ya kuwaheshimu. Hata hivyo mtengenezaji hakuyachota yote hewani. Mwezi wa Julai 2016, katika mji wa Sagamihara, mtu mmoja aliingia usiku katika nyumba ya kutunzia walemavu akaua watu 19, akidai kwamba maisha yao hayana faida. Bibi Hayakawa amesema kwamba tukio hilo lilimsukuma kufanya kazi hii.

Anayebeba kisa ni Bi Michi, mwanamke wa miaka 78, anayeigizwa na Chieko Baisho. Anaishi peke yake na anasafisha vyumba vya hoteli. Mwenziwe mmoja mzee anaanguka kazini, na hoteli inawaachisha kazi wazee wote. Nyumba anayopanga inatakiwa ivunjwe. Anatafuta nyingine, wenye nyumba wanamkataa. Anatafuta kazi, haipati, ila ya kusimama barabarani usiku kuongoza magari. Rafiki yake anakufa nyumbani peke yake, na Michi ndiye anayemkuta. Hakuna hata mmoja anayemwambia "kafe". Milango inafungwa mmoja baada ya mmoja, na mwishowe mlango uliobaki wazi ni ule wa serikali, ambao una kijana mpole anayetabasamu na kumpa karatasi ya kutia saini.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya senema hii. Tumezoea kuonyeshwa uovu wenye sura mbaya, wenye silaha na makelele. Katika "Plan 75" kila mtu ana adabu. Kijana anayeandikisha majina, Hiromu, huinamisha kichwa kwa heshima. Msichana wa simu, Yoko, huzungumza na Bi Michi kwa sauti ya upole, lakini amewekewa dakika 15 tu kwa kila mazungumzo, na amekatazwa kuonana naye. Baadaye tunasikia wanawake wapya wanaofundishwa kazi hiyo wakielezwa kwamba wazee huingiwa na wasiwasi, basi wawaongoze kwa namna ambayo hawatabadili nia. Je, hiyo ndiyo hiari? Mtu aliyenyimwa kazi, nyumba na mwenzi wa kuzungumza naye, kisha akaambiwa achague, kwa hakika ameachiwa nini cha kuchagua?

Na tazama jinsi jambo linavyosogea. Umri uliowekwa ni miaka 75. Kabla senema haijesha, habari zinatangaza kwamba serikali inafikiria kuushusha hadi 65. Ukikubali mara moja kwamba thamani ya mtu ni kazi anayoifanya, huna tena mahali pa kusimama na kusema: hapa basi. Leo ni mzee, kesho ni mgonjwa, keshokutwa ni yule asiye na ajira. Kupungua kwa watu peke yake hakuui mtu. Kinachoua ni kipimo watakachokishika waliobaki, wakiwapima wenzao kama mfanyabiashara anavyopima mali iliyokaa dukani.

Yuko mwingine katika kisa hiki ambaye atawagusa wasomaji wetu wa pwani kuliko wote. Ni Maria, mwanamke wa Kifilipino aliyemwacha binti yake mgonjwa wa moyo kwao, akaja Japani kuwatunza wazee. Fedha za matibabu hazitoshi. Anapata kazi yenye mshahara zaidi katika mpango ule ule: kupanga vitu vya waliokwisha kufa. Mikono iliyokuwa ikiwaosha wazee sasa inakusanya viatu na saa zao.

Nani kati yetu hamjui Maria? Kutoka Mombasa, Malindi, Tanga na Unguja, mabinti wangapi wamekwenda Ghuba kulea watoto na kuuguza wazee wa watu, hali mama zao wanauguliwa na majirani? Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilipatana juu ya kupeleka wauguzi huko. Mwaka 2024 Kenya ikapatana na Ujerumani juu ya wafanyakazi. Siwalaumu wanaokwenda, kwani riziki hutafutwa. Ninachosema ni kwamba nchi zinazopungukiwa na vijana zitazidi kuwavuta wa kwetu, na kila anayevutwa huacha nyuma yake kitanda cha mzee. Upungufu wa huko utakuwa upungufu wa hapa pia, hata kabla ya idadi yetu kushuka.

Nimeisifu senema hii, na sasa niseme kasoro zake. Kwanza, inatupa sheria iliyokwisha pita, bila kutuonyesha watu walivyokubaliana nayo. Mawaziri na wapiga kura hatuwaoni. Mtazamaji anaweza kutoka akiilaumu "serikali" peke yake, akasahau kwamba serikali haikupitisha ila kile ambacho mitaa ilikwisha kukinong'ona. Pili, jamaa wa wazee hawa wako pembeni mno. Tunamwona Hiromu akikutana na ami yake waliyepoteana miaka mingi, aliyekuja kujiandikisha, na moyo wake unaanza kutikisika. Lakini wazee wenye watoto na wajukuu wanafanywa nini? Hapo senema inanyamaza, na kunyamaza huko kunaleta hatari ya kufahamu vibaya, kwamba dawa ya yote ni kuzaa wengi tu.

Nawasikia wengine mkisema, "Hayo ni ya Wajapani. Sisi tuna watoto tele." Tusijidanganye. Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1970, mwanamke mmoja alikuwa akizaa wastani wa watoto 8. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta wastani wa 3.4. Tanzania bado ni 4.8 kwa uchunguzi wa mwaka huo huo, lakini njia ni ile ile ya kuteremka. Wala asiseme mtu kwamba nchi za Kiislamu zimesalimika: Iran ilitoka zaidi ya watoto 6 mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadi chini ya 2, na Uturuki mwaka 2024 ilikuwa chini ya 1.5. Mtoto anayezaliwa leo Lamu huenda akazeeka katika pwani yenye wazee wengi na vijana haba.

Tena, wingi wa watoto haujawa dhamana. Wako wazee wenye watoto saba au wanane, kila mmoja akimtazama mwenziwe: aliye Dar es Salaam asema yupo wa Mombasa, wa Mombasa asema yupo wa Muscat, na wa Muscat amekwisha kutuma fedha. Mzee anakula, dawa anazo, lakini siku inakuchwa bila mtu kumwuliza ameamkaje. Japani ilifika huko kwa upungufu wa watoto. Sisi twaweza kufika huko na watoto wetu tele. Qur'ani, inapousia juu ya wazazi waliofikia uzee, imekataza hata neno la kuwagunia, na haikuweka sharti kwamba wawe bado wanaleta faida. Usia huo humfunga mwenye ndugu tisa sawasawa na aliye peke yake.

Kwa hiyo wanakosea wanaohubiri "zaeni tu" kana kwamba mtoto ni bima ya uzee, na wanakosea pia wanaodhani mashine na malipo ya uzeeni yatamaliza kazi yote. Fedha zahitajika, hapana shaka. Mzee asiye na pensheni wala matibabu hashibi kwa maneno matamu. Lakini mazoea ya kumhesabu mzee kuwa mtu hujengwa mapema, wakati vijana wakiwa bado wengi na mzigo ukiwa mwepesi. Jamii isiyoyazoea wakati wa wepesi itayapata wapi wakati wa uzito?

Mwishoni Bi Michi anafika mahali penyewe, analazwa, anavishwa kifaa usoni. Kazi haiendi kama ilivyopangwa. Anageuza kichwa, anamwona mzee wa kitanda cha jirani akikata roho. Ndipo anapoinuka, anatoka kwa miguu yake, anakwenda kulitazama jua, na anaimba kwa sauti dhaifu wimbo aliowahi kuuimba na rafiki zake. Hatuambiwi atalala wapi usiku ule. Hana kazi, hana nyumba, na sheria bado ipo.

Msomaji, mtengenezaji wa senema amemwacha bibi huyo barabarani makusudi, ili sisi tuulizwe. Je, akipita mlangoni pako, utamwambia "karibu, mama", au utamwuliza kwanza anajua kazi gani? Na kama jibu lako ni hilo la kwanza, basi kabla ya kumhurumia Bi Michi wa Japani, mtazame yule aliye chumba cha ndani katika nyumba yako. Nenda ukakae naye, hata leo jioni, na wachukue watoto pamoja nawe, maana wao ndio watakaokutazama wewe.