Kinjikitile na Kinjeketile: Hukumu ya Jukwaani

Irabu mbili tu ndizo zinazowatenganisha. Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, Vita vya Majimaji vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Kinjeketile ni mhusika wa Ebrahim Hussein katika tamthilia iliyochapishwa mwaka 1969, na mwandishi mwenyewe alitahadharisha kuwa huyo ni zao la ubunifu. Lakini vita vile havikufika Usukumani. Mwanafunzi wa Bariadi, asiye na babu wa kumhadithia habari za Ngarambe, humjua yule wa kitabuni, kisha humhukumu wa historia kwa ushahidi huo.

Je, hukumu hiyo ni ya haki?

Shtaka ni zito: aliwaambia watu kwamba maji yatawakinga na risasi, wakaamini, wakafa. Hussein hamtetei kwa kulikana shtaka. Anampa shaka. Kinjeketile aliyepandwa na Hongo hutamka asiyoyakumbuka. Anapoambiwa kuwa alisema watakuwa watoto wa Seyyid Said, anashtuka. Kumng'oa Mjerumani ili kumrudia Sultani si uhuru. Tangu hapo anatambua kuwa neno alilolizaa limemzidi kimo. Anawasihi wenziwe wangoje, nao hawangoji.

Kinjikitile hakuishi hata kuyaona mashambulizi ya Mahenge ya mwishoni mwa mwezi ule. Kinjeketile anaachwa hai ili aone maafa, na atakiwe kukiri kuwa maji yalikuwa uongo. Anakataa, kwani akilikana neno, wajukuu watarithi aibu badala ya mapambano.

Hapo ndipo penye nguvu ya tamthilia, na ndipo penye dosari yake. Sifa ya kiongozi inaokolewa kwa manufaa ya wajukuu, na mwaka 1969, miaka minane baada ya Uhuru wa Tanganyika, wajukuu ndio walioketi ukumbini. Waliokunywa maji yale wakaanguka hawana sauti katika shauri hilo, ingawa wao ndio waliodhulumiwa au waliojitolea. Na tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo kiini cha kesi yote.

Hussein hakukosa kuubuni moyo wa mtu ambaye kitanzi kilimnyamazisha mapema. Atakayekosa ni mwalimu atakayefundisha moyo huo kuwa ni historia. Na ausomeshe pamoja na utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini, mtu wa zama zile, ili mwanafunzi asikilize mashahidi wawili kabla ya kuhukumu.