Ssemogerere na Hesabu Mbovu ya 1996

Kila anapotajwa Mzee Paul Kawanga Ssemogerere, wachambuzi wa Kampala hukimbilia lawama zilezile: alikubali kuongoza upinzani bungeni baada ya kura za 1980 kuchakachuliwa, akaingia serikali ya Okello 1985, kisha akakaa miaka tisa katika baraza la mawaziri la Museveni. Hayo yote yana maelezo yake. Kosa lisilo na maelezo ni moja tu, nalo ni la 1996: kugombea urais huku ameshikana mikono hadharani na UPC, chama cha Obote. Uamuzi ule ulimmaliza yeye, ukakiumiza chama chake cha DP hadi leo, na sijasikia utetezi wake unaosimama.

Tuanze na mtaji aliokuwa nao. DP ilizaliwa 1954 kama chama cha Wakatoliki waliochoka kubaguliwa Mengo, makao ya ufalme wa Buganda; chama cha wastani na cha kihafidhina, ndugu wa kiitikadi wa Christian Democrats wa Ujerumani. Lakini ndani ya Buganda silaha yake kubwa haikuwa itikadi. Ilikuwa historia. Mwaka 1962 Mengo, kupitia chama chake cha Kabaka Yekka, ilifunga ndoa na UPC ya Obote ili kumng'oa Ben Kiwanuka wa DP. Mnajua ilivyoishia: kura ya maoni ya Buyaga na Bugangaizi 1964, wanajeshi wa Obote kuvamia Lubiri, kasri la Kabaka, tarehe 24 Mei 1966, falme kufutwa 1967. Katika mkasa wote huo DP haikuwemo. Mtu wa DP aliweza kusimama Katwe au Masaka akasema kwa kifua mbele, sisi ndio tuliokataliwa wakati nyinyi mnamkaribisha Obote. Ndiyo maana 1980 Buganda iliikumbatia DP karibu yote. Baada ya vita vya Luweero, vilivyoua Waganda wengi chini ya Obote, maneno hayo yalizidi kuwa na uzito.

Mwaka 1996 Ssemogerere aliutupa mtaji huo wote. Chini ya mwavuli wa Inter-Political Forces Cooperation, DP na UPC zikawa kitu kimoja machoni pa mpiga kura, na Obote bado yuko hai Lusaka, bado ndiye rais wa UPC. Timu ya Museveni haikulazimika tena kujibu hoja. Ssemogerere alikuwa nazo, tena nzito: vyama vingi, federo, vita visivyokwisha kaskazini. Nani angezisikiliza? Matangazo ya kampeni yalichapisha mafuvu ya Luweero, yamepangwa safu kwa safu, na ujumbe wake haukuhitaji mkalimani: ukimpa huyu kura, yule anarudi. Popote alipokwenda Buganda, swali la Obote lilimtangulia. Mgombea aliyepaswa kuwa anashambulia alikaa kampeni nzima anajitetea kwa dhambi za mtu mwingine, mtu aliyempora yeye mwenyewe ushindi miaka kumi na sita kabla.

Na tukumbuke hali ya uwanja. Museveni alikwisha kurudisha ufalme, na Kabaka Mutebi akatawazwa 1993. Wakulima wengi wa Buganda walikuwa na sababu ya kumshukuru. Ssemogerere aliingia akiwa nyuma katika nyumba yake mwenyewe. Mtu aliye nyuma nyumbani kwake haanzi kwa kumkaribisha mgeni anayeogopwa na kila jirani.

Watetezi wake husema alihitaji kura za kaskazini. Hapo ndipo hesabu yenyewe ilipokuwa mbovu. Kura zile zilikuwa zake tayari. Lango na Acholi, baada ya miaka kumi ya vita na ya ng'ombe walioporwa, zisingempa Museveni kura kwa hali yoyote, na mgombea wa tatu, Kibirige Mayanja, aliambulia kama asilimia 2 tu nchi nzima. Wapiga kura wa huko wangekwenda wapi? Tarehe 9 Mei Ssemogerere aliibeba Acholi, akaibeba Lango, kisha akaanguka vibaya Buganda. Museveni alipata takriban asilimia 74, yeye hakufika 24. UPC ilimletea kura ambazo angezipata bila hiyo, ikamfukuzia zile ambazo hakuna mwingine wa kumletea.

Linganisha na Nairobi 2002. Raila alipomwinua Kibaki pale Uhuru Park, alimletea watu ambao Kibaki hangewafikia peke yake, na Mlima Kenya haukutishika ukakimbia. Huo ndio muungano.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sheria yenyewe ilimpa njia ya kupita. Chini ya mfumo wa Movement kila mgombea alisimama kwa jina lake, bila chama. Alikuwa na haki ya kuuchukia mfumo ule, lakini ulimruhusu kusema: mimi ni Ssemogerere, anayetaka kunipigia kura na anipigie, mapatano ya vyama tutayazungumza vyama vikiwa huru. Maridhiano ya kaskazini na kusini, ambayo najua aliyaamini kwa dhati, yangetangazwa na mshindi.

Ben Kiwanuka asingelifanya kosa hili. Mwaka 1961 Mengo iliamuru uchaguzi ususiwe, yeye akagombea, akachukua karibu viti vyote vya Buganda na kuwa waziri mkuu wa kwanza, na kijana Ssemogerere akawa katibu wake bungeni. Kiwanuka alijua kukataa. Alipokuwa Jaji Mkuu alimkatalia hata Amin, na Septemba 1972 akalipa kwa maisha yake. Adenauer wa Christian Democrats naye, 1949, katika nchi iliyokuwa kifusi, alishauriwa aungane na wapinzani wake wa SPD. Akakataa, akawa chansela kwa wingi wa kura moja, na wapiga kura wake hawakuwahi kujiuliza yuko upande wa nani.

Simnyimi Ssemogerere haki yake: kesi zake za kikatiba zilizosaidia kurudisha vyama vingi zilikuwa kazi safi. Kung'atuka katika uongozi wa chama 2005 pia.

Lakini somo la 1996 halijasomwa. Tumeona miungano ya upinzani, IPC ya 2011 na TDA ya 2015, viongozi wakigombea nani awe mbele huku hakuna aliyehesabu kura za nani zinaongezeka. Mwaka 2022, miezi michache kabla Mzee hajafariki, Norbert Mao, kiongozi wa DP, alitia saini mapatano na NRM ya Museveni na kuwa waziri wa sheria, na DP ikauza kwa mara ya pili kile kinachoitofautisha na wengine. Anayepanga muungano unaofuata, ndani ya DP au penginepo, aweke maswali mawili mezani kabla ya kalamu kugusa karatasi. Mwenzangu ananiletea kura zipi ambazo sina? Na ananifukuzia zipi nilizo nazo? Jibu la pili likizidi la kwanza, asitie saini, hata akisifiwa kiasi gani kwa moyo wa umoja.